Dhahabu ya zambarau: usiifue, ichonge

Sonara wa Mbeya akishusha karati (kipimo cha usafi wa dhahabu) hutia fedha au shaba. Akitia alumini, anapata kitu kingine kabisa. Gramu 7.85 za dhahabu kwa 2.15 za alumini huzaa AuAl2, msombo (metali mbili zilizoungana kikemia) wa zambarau mpaka ndani. Hapo hakuna rangi iliyopakwa: msombo wenyewe humeza mwanga wa kijani.

Uwiano ukiyumba, rangi imekwenda. Dhahabu ikizidi, unapata misombo mingine ya metali hizohizo, isiyo na zambarau. Alumini ikizidi, rangi inapauka. Kwa hiyo dhahabu ya Chunya iliyotoka kuchomwa zebaki haifai hivihivi, maana ina fedha ndani. Isafishwe kwanza ifike asilimia 99.9. Sufuria chakavu za kusubu nazo ziache, zina silikoni na uchafu mwingine. Alumini ya waya wa umeme ni safi zaidi.

Yeyusha dhahabu (nyuzi 1064), ndipo udondoshe alumini kipande kwa kipande. Zikikutana hutoa joto zenyewe. Ukitia zote kwa mkupuo, uji unaruka, na uji huo unaunguza vibaya sana. Muda wote funika kwa gesi ya agoni, ileile ya mafundi wanaochomelea alumini. Bila hiyo alumini inaungua, utando unatanda juu na vipimo vyako vyote vimeharibika. Iache ipoe taratibu. Ukiitosa majini itapasuka.

Nyundo weka kando. Hii haifuliwi, haivutwi waya, na ikidondoka sakafuni inaweza kuvunjika kama kioo. Ikate kwa kisu cha almasi chenye maji, isugue, uipachike kwenye pete ya dhahabu ya njano kama jiwe. Pete ikitaka kupanuliwa, kitoe kwanza kipande cha zambarau kabla ya kuwasha moto. Unga wa kukatia usitupe, zaidi ya robo tatu yake ni dhahabu.

Kwenye elektroniki msombo huu ni balaa: waya wa dhahabu uliounganishwa na alumini ukikaa kwenye joto kali muda mrefu, misombo hii huota kwenye kiungo, vitundu hutokea, waya unaachia.

Ukiipeleka sokoni Chunya, mweleze mnunuzi mapema. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 7.7 tu, wakati dhahabu safi ni 19.3, akiipima kwa kuizamisha majini ataiita feki, ingawa dhahabu yake inapita ya karati 18.