Kile kibaraza cha King kule Montgomery

Jamani, nauli tu ya basi kutoka Atlanta mpaka Montgomery, jimbo la Alabama huko Marekani, imenitoa dola 48 na basi lenyewe likatufia njiani. Ni kama kilomita 260 hivi, nilijua asubuhi niko Montgomery, tukafika jua linaanza kuzama. Atlanta niliona kaburi la Martin Luther King, yule mchungaji mpigania haki za weusi, na sanamu ya Gandhi nje pale, nikapiga picha nikaondoka.

Yale masaa ya kukaa pembeni ya barabara sitayasahau. Kiyoyozi kimezimwa, maji ya kununua dola 4, watu wanafoka, na mimi nafoka nao. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja mzaliwa wa Montgomery, ametulia kimya. Akaniuliza, mwanangu, unajua mama yangu alitembea siku ngapi? Mama yake alikuwa anafua nguo kwenye nyumba za Wazungu, na Rosa Parks, mama mweusi, alipokamatwa Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi, weusi wakagoma kupanda mabasi siku 381. Siku nyingine alipata lifti kwenye magari ya kujitolea, siku nyingine mguu kwa mguu. Soli ikitoboka alikata boksi akatandika ndani ya kiatu, na bibi akavua kiatu chake pale pale akanionyesha boksi lilikuwa linakaa wapi. Nilinyamaza mpaka fundi alipokuja.

Kesho yake nikaenda mtaa wa South Jackson, ile nyumba aliyokaa King alipokuwa anaongoza ule mgomo. Nyumba ya mbao ya kawaida tu, kibaraza mbele. Tarehe 30 Januari 1956 bomu lilirushwa hapo, mkewe Coretta na mtoto mchanga wako ndani, na alama ya bomu bado ipo kwenye sakafu ya kibaraza, kishimo kidogo kabisa. King akaja mbio kutoka mkutanoni akakuta umati wa weusi wenzake, wengine na bunduki, wana hasira ya kuua. Akasimama hapo hapo, ana miaka 27, akawaambia warudishe silaha nyumbani.

Ila kilichonishangaza ni kwamba mwenyewe alikuwa na bunduki ndani! Mafundisho ya Gandhi ya kudai haki bila kutumia nguvu alishayasoma chuoni lakini kusoma ni kusoma tu, hata kibali cha kutembea na bastola aliomba wakamnyima. Wiki chache baadaye akaja Bayard Rustin, mwanaharakati aliyefuata njia ya Gandhi na alishafika India, na mwandishi wa habari waliyefuatana naye nusura akalie bastola iliyoachwa kwenye kiti. Wakaongea sana na King, na taratibu zile bunduki zikatoka kwenye nyumba. 1959 akaenda India mwenyewe. Alikuja kusema Yesu alimpa moyo, Gandhi akampa njia.

Nimesimama pale nikakumbuka mtaani kwetu Mbagala. Kijana kaiba simu, ikapigwa kelele ya mwizi, ndani ya dakika tano tairi lilishapatikana. Tulikuwa watu zaidi ya hamsini na vibaraza vilikuwa vingi tu, hakuna hata mmoja aliyepanda juu akasema rudini nyumbani. Mimi nilikuwa mlangoni kwa jirani, nilimfahamu yule kijana, mama yake alikuwa anatuuzia vitumbua. Nilirudi ndani nikafunga mlango.

Nilikaa karibu na kile kishimo mpaka mhudumu akaja kuniambia wanafunga.