Gurudumu la ruleti: vijumba 37 vilivyonitoa jasho

Kikundi chetu cha maigizo kilihitaji gurudumu la ruleti (kamari ya goroli linalozungushwa hadi liangukie kijumba chenye namba) kwa onyesho la kasino, nami kwa kiherehere changu nikasema, "Niachieni mimi." Mbao nazijua. Kumbe hesabu ndiyo sizijui.

Mwenzangu mmoja, yule anayejua kila kitu, akanipa njia: "Duara lina nyuzi 360, we weka kijumba kila baada ya nyuzi 10, kazi kwisha." Nikachora, nikakata, nikagandisha vigawanyo vyote kwa gundi. Vijumba 36, vimelingana kama meno ya kitana. Ndipo nikatafuta pa kuiweka sifuri. Hakuna! Namba zinaanzia 1 hadi 36, na sifuri yake pembeni: jumla 37. Nilikuwa nimejenga kasino isiyopata hata senti, maana ukibahatisha namba moja unalipwa 35 kwa kila 1 uliyoweka, na ni hicho kijumba cha sifuri, cha kijani, kinachomwachia mwenye kasino asilimia 2.7. Gurudumu la Kimarekani lina na 00 juu yake, hapo mwenye kasino anachukua asilimia 5.26.

Sasa 360 gawa kwa 37 ni 9.73 na vipande visivyoisha. Nikasema potelea mbali, nikapima 9.7. Kosa likajikusanya kimyakimya, kijumba cha mwisho kikafika nyuzi 10.8. Goroli lingekipenda hicho.

Kilichoniokoa ni gazeti. Kipimapembe tupa kule. Zungushia sahani ya gurudumu lako ukanda wa karatasi, ukate mwisho unapokutana na mwanzo. Wangu ulikuwa sentimita 94 na kidogo. Nikaunganisha kurasa za gazeti sakafuni, nikachora mistari sambamba kila sentimita 2.5, kisha nikaulaza ukanda kwa mshazari, ncha moja mstari wa kwanza, ya pili mstari wa mwisho. Kila mstari unapokatiza ukanda, tia alama. Hakuna kugawanya chochote! Ila mara ya kwanza nilichora mistari 37, na mistari 37 ina nafasi 36. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Chora 38.

Namba usizipange kwa kufuatana, hata wakikwambia watazamaji hawataona. Wataona. Nilifuata mpangilio wa Ulaya: 0, 32, 15, 19, 4, 21, 2, 25, hadi 26 inayorudi kugusa sifuri. Nyekundu na nyeusi zinapishana, na kubwa (19 hadi 36) zinapishana na ndogo. Nilipofika 10 na 5 nikakuta ndogo mbili zimekaa bega kwa bega, nikadhani nimenakili vibaya, nikafuta rangi mbichi kwa kitambaa. Nilikuwa sahihi. Sifuri imebanwa na kubwa pande zote mbili, 32 na 26, kwa hiyo lazima ndogo mbili zikutane mahali fulani. Rangi ile ya pili ilinigharimu jioni nzima.

Bakuli, beringi, msasa, hayo mtajua wenyewe. Plaiwudi ndiyo iliyomaliza pesa. Vizuizi vinane vya ukutani mwa bakuli usivisahau, kimoja kimelala, kinachofuata kimesimama. Bila hivyo goroli linateleza tu kama maji kwenye karai.

Siku ya onyesho mwenzangu yule akalizungusha gurudumu kulia, akalitupa goroli nalo kulia. Nikamnong'oneza: goroli huenda kinyume. Akalitupa upya. Likaangukia sifuri.