Virusi Bandia vya Korona: Tuulize Pia Kilichomo Ndani

Sehemu kubwa ya tafiti zilizotueleza, tangu mwaka 2020, iwapo kingamwili za wagonjwa au za watu waliochanjwa zinaweza kuzuia kirusi cha korona, zilifanyika bila kirusi chenyewe kuwepo maabarani. Watafiti walitumia virusi bandia, yaani chembe ambazo kiini chake ni cha kirusi kingine, mara nyingi VVU au kirusi cha mifugo kiitwacho VSV, lakini utando wake wa nje umepachikwa protini ya mwiba ya SARS-CoV-2. Ni kama basi lililojengwa juu ya chasisi ya lori: kwa nje ni basi, ila injini na breki ni za lori. Mbinu hii naithamini sana, na kwa sababu hiyo hiyo napenda matokeo yake yasomwe kwa makini zaidi.

Namna ya kuzitengeneza kwa kiini cha VVU inajulikana vizuri. Seli za HEK293T, ambazo ni seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabarani, hupewa plasmidi, yaani vipande vya duara vya DNA, kwa pamoja: zenye jeni za kuunda kiini, yenye jeni ya lusiferasi, ambacho ni kimeng'enya kinachomfanya kimulimuli ang'ae, na yenye jeni ya mwiba. Baada ya siku 2 au 3 chembe huvunwa kutoka katika kimiminika kinachozizunguka seli. Wengi hukata asidi amino 19 hivi za mwisho wa mwiba, kwa kuwa mkia huo huubakiza mwiba ndani ya seli badala ya kuuacha ufike kwenye utando wa nje. Chembe inapoingia katika seli yenye kipokezi cha ACE2, seli hutengeneza lusiferasi na mwanga wake hupimwa. Lakini kwa kuwa chembe haikubeba jeni za kujizalisha, maambukizi huishia hapo. Ndiyo maana kazi hii huruhusiwa katika maabara ya usalama wa kibayolojia ya ngazi ya 2, ilhali kukuza kirusi halisi huhitaji ngazi ya 3, ambayo ni ghali kujenga na ghali zaidi kuiendesha.

Faida yake ilionekana Afrika Kusini mwanzoni mwa 2021. Watafiti wa taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza, NICD, walipima plasma za watu 44 waliokuwa wameugua awali, na asilimia 48 hazikuonyesha uwezo wowote wa kukizuia kirusi bandia chenye mwiba wa Beta, aina mpya ya korona iliyokuwa ikienea huko.

Hata hivyo, kiini nacho kina tabia zake. Mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU, kwa mfano dolutegravir, anazo dawa hizo katika damu yake, na zinaweza kukizuia kiini cha VVU kisifanye kazi ndani ya seli. Mwanga utapungua, na mtafiti asiye makini ataandika kwamba kingamwili ni kali, ilhali kilichofanya kazi ni kidonge. Katika eneo letu, ambako watu wengi hutumia dawa hizo, hili si jambo la pembeni. Lazima kila sampuli ipimwe pia dhidi ya chembe yenye kiini hicho hicho lakini ganda lisilohusiana na korona, au kitumike kiini cha VSV.

Seli nayo hutoa ushahidi wake. Klorokwini, ambayo Tanzania iliiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, iliizuia korona katika seli za Vero, zitokanazo na figo za tumbili, na matumaini yakapanda duniani kote. Mwezi Julai 2020 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, wakitumia chembe bandia na kirusi halisi, walionyesha kwamba dawa hiyo haizuii maambukizi katika Calu-3, ambazo ni seli za mapafu ya binadamu. Seli za Vero hazina TMPRSS2, kimeng'enya cha juu ya seli, ya kutosha, hivyo kirusi hulazimika kupitia vifuko vyenye asidi vya ndani ya seli, ambavyo klorokwini huvipunguzia asidi hiyo. Katika seli za mapafu TMPRSS2 huukata mwiba, na kirusi huingia bila kuvihitaji vifuko hivyo.

Na yapo maswali ambayo chembe hizi haziwezi kuulizwa kabisa. Remdesivir, dawa ya kupambana na virusi, hulenga kimeng'enya ambacho korona hukitumia kunakili jeni zake, na kimeng'enya hicho hakimo ndani ya kirusi bandia.