Msumeno unaokimbilia kushoto

Jamani, wiki nzima msumeno wangu wa mkanda umenitoa jasho. Napasua ubao wa mfenesi, mstari umenyooka, lakini utepe wake wa meno unakimbilia kushoto na ubao unatoka na tumbo. Nikaukaza utepe, wapi! Jana kaja mzee mmoja fundi, hapa hapa Wete. Mashine imezimwa, kapitisha kidole kwenye meno taratibu, akacheka. “Mwanangu, kulia butu, kushoto kukali, ndiyo maana unakimbilia kushoto. Umekata msumari wewe.” Kweli, wiki iliyopita niliukata, nikanyamaza. Nimefunga utepe mpya, meno 3 kwa inchi, nikakwangua na ule utomvu uliogandia kwenye magurudumu. Leo ubao wa inchi 6 umepita sawasawa. Ule wenye tumbo mke wangu kautaka, tunautengenezea mbuzi ya kukunia nazi.