Kaka Hakuwamo Mfukoni

"Mama" linaandikika. "Baba" linaandikika, "dada" linaandikika, hata "babu" na "bibi". Aliyekosa ni kaka peke yake. Tulimwaga vibao vyote mezani kutafuta K ya pili, tukavipindua kimoja kimoja, na hatukuiona kwa sababu haikuwapo. Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vibao vya herufi vinavyochotwa mfukoni, ina vibao 100, na kati ya hivyo K ni moja tu. Kuna vibao viwili vitupu vinavyoweza kusimama badala ya herufi yoyote, lakini kaka yangu alikuwa na miaka 14 na hakutaka kukamilishwa na kibao kisicho na kitu.

"Basi tukuandike dada," mdogo wangu akasema. Alikuwa na miaka minane na alikuwa amelisubiri jambo kama hilo tangu azaliwe.

Mchezo ule aliuleta Mama, ukiwa umeshatumika, boksi limefungwa kwa selotepu kwenye pembe. Alikuwa amechoshwa na lugha yetu. Alisema watoto wake wanaishi kwa vitenzi vitatu, weka, toa na fanya, na kila kitu tusichokijua jina tunakiita nanihii. "Niletee ile nanihii iliyo juu ya nanihii," aliniiga siku moja kwa sauti yangu, na kibaya zaidi ni kwamba nilimwelewa, nikaenda kuileta.

Jaribio la kwanza halikumaliza nusu saa. A ziliisha mapema, E zikatujaa mikononi, na Q na X zikarudishwa mfukoni kila zamu, kila mtu akiomba zimwangukie mwenzake. Baba, ambaye kila jambo hulipima kwa methali, alisema tusiulaumu mfuko kabla ya kuujaribu. Akaanza kupanga mezani: haba na haba hujaza kibaba. Methali ile ilimeza A zote tisa. B zilitakiwa nne, zilikuwapo mbili. H zilitakiwa tatu, zilikuwapo mbili. Akaingiza vibao vitupu vyote viwili na bado herufi moja ikapelea.

Haba na haba haikujaza kibaba. Baba alikaa akiitazama ile nafasi moja iliyobaki wazi, halafu akamwomba Mama gazeti.

Usiku ule tulihesabu herufi. Kila mtu alipewa fungu lake la alfabeti na ukurasa uleule, na kila ukikutana na herufi yako unachora kijistari, vinne kisha cha tano kinavikata. Mimi nilipewa A pamoja na nyingine chache, na ndani ya aya ya kwanza nilikuwa nimeshaanza kulalamika. Zilikuwa kila mahali. Kaka alipewa Q na X akamaliza kazi kabla ya wote, akaegemea kiti na kutangaza matokeo: sufuri na sufuri. C tuliikuta, ila kila tulipoikuta H ilikuwa ubavuni. Kulizuka ugomvi kuhusu ng'. Mimi nilitaka iwe na kibao chake, Baba akasema tukianza hivyo tutafika kwenye ny na dh na gh, na meza yenyewe haitatosha. Tukakubaliana kwamba ile alama ya juu haihesabiwi, na mtu akiandika N, G, O, A atasema mwenyewe kama anang'oa kitu au analia ngoa. Hakuna kati yetu watoto aliyejua kuwa ngoa ni wivu. Mama alitabasamu kidogo tu, kama mtu aliyeanza kuona faida ya fedha zake.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu Alfred Mosher Butts, Mmarekani aliyeubuni mchezo huu. Alikuwa msanifu majengo aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na ili ajue kila herufi iwe na vibao vingapi alikaa na kurasa za magazeti akihesabu. Mwaka 1938 mchezo wake uliitwa Criss-Cross Words, na jina la Scrabble likaja mwaka 1948 kupitia mwenzake, James Brunot. Nilicheka peke yangu niliposoma, maana nilimwona na penseli na vijistari vyake. Sisi hatukujua kwamba tunarudia kazi ya mtu. Tulidhani tumeharibikiwa na mchezo na tunautengeneza.

Kuutengeneza kwenyewe kulikuwa rahisi. Mgongo wa kibao hauna kitu, kwa hiyo E saba tulizipindua na kuandika A kwa kalamu ya wino mzito. Q, X na R mbili zikawa K, na K ikashuka thamani kutoka alama tano hadi moja, jambo ambalo kaka alilichukulia kama tusi jingine. Kwenye C zote mbili tuliandika h ndogo pembeni. Kasoro tuliigundua baadaye: ukisimamisha A yako mbele yako, mwenzako anaona E mgongoni, basi anajua una nini. Tukabandika vipande vya karatasi. Vikabanduka. Mdogo wangu alijifunza kupapasa ndani ya mfuko na kutambua kwa kidole herufi iliyochongwa na iliyoandikwa kwa wino, na kwa muda mrefu tuliamini ana bahati.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ninayotaka kuisimulia hasa. Boksi lilisema wachezaji wawili hadi wanne, nasi tulikuwa watano, kwa hiyo Mama akawa hakimu, kamusi pajani. Aliweka sheria moja ya kwake: ukiweka neno, ulitungie sentensi. Ukishindwa, unaokota vibao vyako.

Sheria hiyo iliniumbua mimi wa kwanza. Niliweka "ndwele", nikajiona nimeshinda mchezo mzima.

"Sentensi," Mama akasema.

"Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Hiyo ya wahenga. Nataka yako."

Sikuwa nayo. Methali hiyo nilikuwa nimeiimba darasani tangu nikiwa mdogo, na kichwani mwangu ndwele lilikuwa kitu kama deni, kwamba yaliyopita hatudaiani tena. Nikatunga: "Baba ana ndwele nyingi." Baba akajishika kifua, akajifanya anaanguka kitini. Ndwele ni ugonjwa, akanieleza alipomaliza kufa. Na kuganga ni kutibu, ndiyo maana tuna mganga. Nilihisi kama mtu aliyepita mbele ya nyumba kila siku akidhani ni ghala, kumbe watu wanaishi humo. Methali nzima ilikuwa inazungumzia maradhi na tiba, tangu neno la kwanza, na mimi nilikuwa ninaipiga kelele tu. Niliokota vibao vyangu bila ubishi, na sijawahi kulisahau neno hilo.

Zamu ya Baba akaweka "pata", P yake ikiungana na neno lililoshuka kutoka juu. Kaka akaongeza "na" mkiani, "patana", akatunga sentensi ya kivivu kuhusu watu wawili waliopatana. Ikaja zamu ya mdogo wangu. Alitazama ubao muda mrefu, ulimi nje. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna sheria ya boksi inayoliruhusu: akaishika ile A ya mwisho, akaisukuma kulia nafasi tatu, na katika pengo akatia I, S, H.

Patanisha.

"Ameitoa A yangu!" Kaka alikuwa ameshasimama.

"Sijaitoa. Si hiyo hapo? Nimeisogeza."

"Herufi ikishawekwa haisogezwi! Mama, soma sheria."

Mama hakusoma sheria. Alifunga kamusi, kidole kikiwa kati ya kurasa. "Hebu wewe sema patana, halafu uongeze isha bila kugusa kitu."

"Patana... isha," kaka akasema. "Patanaisha." Naye akacheka, japo hakutaka.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kuliko linavyostahili. Butts aliweka S nne tu ili wachezaji wasigeuze kila neno kuwa wingi kwa kubandika herufi moja mwishoni. Ubao wake ulitengenezewa lugha inayokua mkiani. Wingi wetu unaingilia mlango wa mbele, mtoto akawa watoto, na kitenzi chetu kinapasuka pale kabla ya irabu ya mwisho na kuruhusu kingine kikae humo. Mtoto wa miaka minane hakuwa na istilahi yoyote ya sarufi. Mwalimu angemwambia "mnyambuliko" angedhani ni adhabu. Lakini mkono wake ulijua neno linafunguliwa wapi. Wanaosema alidanganya, na kaka bado anasema hivyo hadi leo, wana haki kwa mujibu wa boksi.

Mama akaamua: irabu ya mwisho inasogezeka, mradi neno liwe hai. Halafu hakimu mwenyewe akaingia uwanjani. Aliinama, akachungulia vibao vyangu bila hata kuomba radhi, akachomoa W yangu na kuisukumiza mbele ya ile A. Patanishwa. A ikagusa ukingo wa kulia wa ubao.

"Huko kumekwisha," akasema.

Baada ya hapo zamu zilisahaulika. Baba alikumbuka kwamba upande wa kushoto bado uko wazi, akaweka "ku" mbele: kupatanishwa. Mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa amepewa kibali cha kusogeza dunia, aliivuta "ku" nafasi mbili kushoto na kupenyeza "to". Kutopatanishwa, herufi 14, ikabaki nafasi moja. Mama akadai sentensi. Mdogo wangu akamtazama kaka na kusema, "Kutopatanishwa kwetu kutaendelea mpaka alale."

Hapo kaka ndipo alipokaa tena. Alikuwa amekunja uso, lakini nilimwona anahesabu kwa midomo. Akaisogeza "kuto" yote kushoto, polepole, kibao kimoja kimoja, na katikati akaingiza "ku" nyingine. Kutokupatanishwa. Mama akalisoma kwa sauti mara mbili, akasema liko sawa, watu husema kutofanya na husema kutokufanya.

Ila neno lilikuwa na herufi 16, na ubao una nafasi 15. K ya kwanza ilitoka nje, ikakaa mezani peke yake, na mdogo wangu akaiwekea kidole isije ikasukumwa na kiwiko cha mtu. Baba akauliza alama za herufi iliyo nje ya ubao zinahesabiwaje. Mama akaandika kitu kwenye karatasi, akakikata, akaandika tena. Kisha akanigeukia na kusema zamu ni yangu, nisichelewe.

Nikatazama vibao vyangu. Nilikuwa na K mbili na A mbili.