Mikono ya Jua ya Amarna

Treni ya kutoka Cairo kwenda Minya hufuata Mto Naili kwa mwendo wa saa nne hivi. Upande huu mashamba ya miwa, upande ule mitende na minara ya misikiti, na kila baada ya vijiji viwili vitatu msalaba wa kanisa la Kikopti juu ya paa. Nilisafiri na kijana mmoja wa Tanga anayesoma Al-Azhar. Kiarabu chake ndicho kilichotufungulia njia. Mimi nilikuwa na hamu ya mwalimu wa historia ya kuuona mji wa Akhenaten, farao aliyeyafunga mahekalu ya miungu ya Misri ili abaki na mmoja.

Tulilala Minya. Alfajiri tukashika barabara ya kusini kwa gari la kukodi, polisi wa utalii wakitufuata kama ilivyo kawaida ya mkoa ule, tukapita mji wa Mallawi, kisha tukavuka mto kwa pantoni hadi kijiji cha el-Till. Ukishashuka tu unaona mahali pote kwa mtazamo mmoja. Majabali yamejipinda nusu duara upande wa mashariki, mto uko magharibi, na katikati ni mchanga mtupu. Hakuna piramidi wala msitu wa nguzo. Ni misingi ya kuta za matofali ya udongo inayotokeza kidogo juu ya ardhi, na makaburi ya wanakijiji wa leo yaliyosogea hadi kwenye uwanja wa hekalu kuu.

Hapo ndipo palipokuwa Akhetaten, mji ambao leo unaitwa Amarna. Mfalme huyu alitawazwa mnamo 1353 K.K. kwa jina la Amenhotep IV, mwana wa Amenhotep III na malkia Tiye. Miaka ya mwanzo alikaa Thebes, ambayo leo ni Luxor, akijenga mahekalu ya Aten, yaani duara la jua lenyewe, karibu kabisa na hekalu la Amun, mungu mkuu wa Thebes, pale Karnak. Mwaka wa tano wa utawala wake akabadili jina akawa Akhenaten, akahamia hapa. Kwenye majabali alichongesha mawe ya mpaka, na maneno yake bado yanasomeka: kwamba mahali hapa hapakuwa pa mungu wala mungu wa kike yeyote, hapakuwa pa mfalme wala malkia yeyote, na kwamba hata akifia mbali, arudishwe azikwe hapa. Mji ulijengwa kwa kasi ya ajabu, ukajaa watu elfu ishirini au zaidi, na miaka michache baada ya kifo chake ukahamwa.

Tulianzia makaburi ya kaskazini. Ngazi zinapanda jabali, jua la saa mbili asubuhi tayari linachoma shingo, na mlinzi mzee mwenye kanzu ya kijivu alitutangulia na funguo zake. Katika kaburi la Huya, msimamizi wa nyumba ya malkia Tiye, kuna kitu ambacho ningekifuata hata kwa miguu: mchongaji yuko kazini. Anaitwa Iuty, mkuu wa wachongaji wa malkia, naye amekaa akimalizia rangi za sanamu ya binti mfalme Baketaten. Kwa kawaida mafundi wa Misri hawana majina. Huyu ana jina, ana kiti, ana wasaidizi wanaochonga kando yake. Utawala uliokuwa unabadili dini ulihitaji mafundi kuliko ulivyohitaji askari, kwa sababu sanamu za miungu zilikuwa zimeondolewa na kitu fulani kilipaswa kukaa mahali pake.

Kitu hicho ni familia ya mfalme. Ukiingia kaburi la Meryre, kuhani mkuu wa Aten, unamwona Akhenaten akiendesha gari la farasi kuelekea hekaluni, mkewe Nefertiti nyuma yake na gari lake mwenyewe, binti zao wakifuata. Pembeni kuna kundi la waimbaji vipofu wameketi, nyuso zao zimechongwa kwa upole ambao sikuutegemea. Juu ya wote ni duara la jua, na kila mwale wake unaishia kwenye kiganja cha mkono. Mikono hiyo inashika alama ya ankh, alama ya uhai, na kuipeleka puani.

Kijana wangu alisimama pale muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, mbona mikono inampelekea mfalme na mkewe tu?"

Hilo ndilo swali la Amarna nzima. Waimbaji hawapewi ankh. Kuhani mwenyewe, mwenye kaburi, hapewi. Mikono ya jua hupeleka uhai pua mbili tu, na watu wengine wote wamepinda migongo, askari, watumishi, mabalozi, wakisubiri kupata uhai kupitia kwa wale wawili. Nilitembea kaburi hadi kaburi nikitafuta mkono uliokosea njia ukampa ankh mtu wa kawaida. Sikuuona.

Kuhusu maumbo yenyewe, watu wengi hushtuka: uso mrefu, midomo minene, shingo nyembamba iliyoinama mbele, tumbo lililoshuka, mapaja mapana. Madaktari wa zama zetu wamependekeza magonjwa ya kila aina. Mimi sikubaliani nao. Mafundi wa Misri walichora mtu juu ya mistari ya miraba, na kwa karne nyingi mtu aliyesimama alipimwa miraba 18 kutoka nyayo hadi ukingo wa nywele. Chini ya Akhenaten ikawa 20. Mtu habadilishi kipimo cha karne nyingi kwa sababu mfalme anaumwa. Anakibadilisha kwa amri. Aten alisifiwa kuwa baba na mama wa viumbe, na mwanawe duniani akachongwa akiwa na mwili wa wote wawili. Huko Aswan kuna jiwe ambalo mchongaji Bek, mwana wa Men aliyekuwa mchongaji mkuu wa Amenhotep III, alijichonga akasema kuwa yeye ni mwanafunzi aliyefundishwa na mfalme mwenyewe. Naliamini neno lake. Hata miguu ilibadilika: kabla ya hapo miguu yote miwili ilichorwa ikionekana kutoka upande wa ndani, kidole gumba mbele, Amarna ndipo unapoona mguu wa karibu ukiwa na vidole vyake vyote vitano vimepangwa kama vilivyo. Mtu aliyeruhusiwa kutazama upya alitazama hadi vidoleni.

Kaburi la Panehsy, mtumishi mwingine mkuu wa Aten, Wakristo wa Kikopti waliligeuza kanisa karne nyingi baadaye. Walichimba kijumba cha altare ukutani na kupaka rangi zao juu ya miale ya jua. Mlinzi aliinua taa tuone vizuri, akasema maneno ambayo kijana alinitafsiria: mababu zao walisali humu wakati wa shida. Aliyasema bila kuonyesha kwamba anaona ajabu yoyote, na kwa kweli hakuna ajabu; watu wa Minya wamekaa na majabali haya muda wote huo.

Tuliteremka, tukapita hekalu dogo la Aten. Kuna nguzo pale, kazi ya wanaakiolojia wa zama hizi, zinazokupa wazo la kimo cha jengo. Mahekalu ya Amun yalikuwa na vyumba vinavyozidi kuwa vya giza hadi ufike kwa sanamu ya mungu, ambayo ni makuhani wachache tu waliiona. Hili lilikuwa halina paa. Ibada ilifanyika kwenye jua kali, mbele ya meza za sadaka zilizopangwa mistari kwa mistari, na mhimili wa hekalu unaelekea pale majabali yanapoachana mashariki. Nilisimama kwa dakika chache bila kivuli, nikaelewa ni mwili wa nani uliolipia uwazi ule.

Kusini zaidi, katika mtaa wa nyumba za watu wa mji, ndiko mwanaakiolojia wa Kijerumani Ludwig Borchardt na wachimbaji wake walikopata karakana ya Thutmose tarehe 6 Desemba 1912, na ndani yake sanamu ya kichwa cha Nefertiti. Walijua karakana ni ya Thutmose kwa sababu ya kifunika-jicho cha farasi, cha pembe ya ndovu, chenye jina lake na cheo cha mchongaji. Walipata pia nyuso za plasta, nyingine za wazee wenye makunyanzi. Leo ni shimo la mchanga na kuta zinazofika magotini. Kichwa kiko Berlin. Wamisri wamekidai kwa miongo mingi, nami nasema bila kuzunguka kwamba wana haki: aliyesimama kwenye shimo hili tupu hawezi kutetea kwamba pahali pa kichwa kile ni Ulaya.

Katika makaburi ya kusini nilitaka kaburi moja tu, la Ay. Halikumalizika. Ay baadaye alikuwa mfalme mwenyewe, akazikwa Thebes. Lakini ukutani kwake, upande wa kulia unapoingia, ndipo ulipochongwa ule Utenzi Mkuu wa Aten. Taa ilipoupitia, nilimweleza kijana yaliyomo. Jua likizama dunia huwa gizani kana kwamba imekufa, simba hutoka mapangoni, nyoka huuma. Kukicha watu huamka, hunawa, huvaa, huinua mikono. Samaki huruka mtoni mbele ya uso wa Aten. Kifaranga hulia akiwa bado ndani ya yai. Mataifa yametenganishwa kwa ndimi na rangi za ngozi, na kila mtu amewekewa riziki yake; wa nchi za mbali wamepewa Naili ya mbinguni, yaani mvua. Mimi ninayetoka nchi inayosubiri mvua, na ambako maziwa yetu ndiyo yanayoulisha mto huu, mstari huo ulinigusa sana.

Kijana akasema, "Lakini hii ni tauhidi, Mwalimu." Mimi nikamtajia Zaburi ya 104, ambayo nayo ina simba wanaotoka usiku na mtu anayekwenda kazini asubuhi. Tukabishana kwa heshima tukiwa tumeketi kwenye kizingiti. Kisha nikamwonyesha mwisho wa utenzi, ambako mfalme anamwambia Aten kwamba yumo moyoni mwake na kwamba hakuna mwingine amjuaye ila mwanawe huyu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi amefunga mlango tena." Sijasikia maelezo bora zaidi. Miungu mingi ilifutwa, jina la Amun likachongwa-chongwa likatoka hata ndani ya jina la baba yake mfalme, na kilichobaki ni mlango mmoja, naye Akhenaten amesimama mlangoni.

Watu wa kawaida walifanya walivyoweza. Katika kijiji cha wafanyakazi, mashariki ya mji, wachimbaji walikuta hirizi za Bes na Taweret, miungu ya uzazi na usalama wa nyumba. Mama mjamzito hakungoja idhini ya ikulu.

Ila lililonikaa zaidi ni makaburi yasiyo na ngazi wala walinzi. Kikundi cha wachimbaji kilichoongozwa kwa miaka mingi na Barry Kemp kilifukua makaburi ya watu wa chini, mashimo mchangani, miili imeviringishwa kwenye mikeka ya fito. Mifupa inaonyesha lishe duni, viungo vilivyochakaa kwa mizigo, migongo iliyoumia, na vifo vya mapema. Karibu na makaburi ya kaskazini, yale yale ya Meryre na Huya, wengi waliozikwa walikuwa kati ya miaka 7 na 25. Watoto na vijana. Mji uliojengwa upesi namna ile ulibebwa na mabega yao.

Na mfalme naye alizika watoto. Bonde la kifalme lina joto la kutisha. Kaburi lake liko ndani sana, limeharibiwa na mafuriko na wezi, na michoro imebaki vipande. Katika chumba kimoja Akhenaten na Nefertiti wanamlilia binti yao Meketaten, mikono vichwani, wamepinda. Hakuna farao kabla yake niliyemwona akichorwa analia.

Miaka michache baada yake alikuja Tutankhaten, aliyebadili jina akawa Tutankhamun na kuyarudisha mahekalu. Horemheb, farao aliyekuja baadaye, akabomoa kilichobaki. Katika orodha ya wafalme iliyochongwa hekaluni Abydos, Akhenaten hayumo.

Tuliendelea kusini hadi Luxor, na katika jumba la makumbusho la pale kuna ukuta wa vitalu vidogo vya mawe 283. Ni mawe ya mahekalu ya Aten ya Karnak, ya ukubwa ambao mtu mmoja anaweza kuubeba, ambayo Horemheb aliyatia ndani ya lango kubwa la Amun yawe kifusi, na yakakaa humo hadi wanaakiolojia walipoyatoa na kuyapanga upya. Upande mmoja mfalme na malkia wanaabudu chini ya miale. Upande mwingine ni ghala za hekalu: watu wanabeba mitungi, wanapanga vyakula, wengine wako katika karakana. Ni wadogo, wamejaa, kila mmoja na mkao wake, na mchongaji amewapa muda wa kutosha hata ukaona nani amechoka. Kijana alianza kuwahesabu kwa kidole, mstari kwa mstari. Nami nikamfuata, nikitazama juu ya kila kichwa.