Mlango Usioitika Hodi

Jana jioni mwanangu alisimama kichwa chini, miguu ikiegemea ukuta, akanywa maji kwa mrija hadi glasi ikabaki tupu, kisha akaniuliza akiwa bado amepinduka: "Baba, maji yamejuaje kupanda?" Nilitaka kumjibu upesi, lakini nilijikuta nimerudi kwenye kile kitanda chembamba, mrija wa namna nyingine ukiwa umepita puani mwangu.

Ya kabla ya siku ile hayana haja ya kurefushwa: miezi ya chakula kukwama kifuani, dawa za asidi zisizosaidia, endoskopi (kamera iliyoshushwa kooni) isiyoonyesha uvimbe wala kidonda, na watu wa nyumbani walioamini kwamba nina mawazo mengi. Nami niliamini. Nilidhani siku nitakapotulia, umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, nao utatulia.

Mtaalamu wa kipimo alinilaza chali, mrija wenye vihisi vya mgandamizo ukiwa umeshuka hadi tumboni, akaniomba nisimeze hata mate kwa nusu dakika. (Hakuna kinachotia hamu ya kumeza kama kukatazwa.) Kwenye skrini, ambayo aliigeuza kidogo upande wangu, umio wangu ulikuwa uwanja wa buluu uliofungwa juu na chini kwa mikanda miwili ya rangi kali. Wa chini, alisema, ndio mlango wa tumbo. Misuli yake hukaa imejikaza muda wote, na hilo si kosa. Kisha akanitia mdomoni mililita 5 za maji kwa bomba la sindano. "Meza mara moja tu." Nikameza. Mkanda wa juu ulifunguka na kufunga kama kope, nasi tukautazama wa chini. Alikuwa amenieleza kwamba rangi yake ingefifia karibu papo hapo, kwa sababu hodi hubishwa kooni na mlango wa chini huitika ndani ya sekunde mbili hivi, mgeni angali njiani, ukabaki wazi hadi wimbi linaloyasukuma maji lifike. Nikahesabu kimoyomoyo. Mbili. Tano. Nane. Mkanda ulikuwa vilevile. Niliyahisi maji yamesimama, baridi, nyuma ya mfupa wa kifua, na kwa mara ya kwanza jambo nililokuwa nikilihisi peke yangu lilikuwa linaonwa na mtu mwingine. Tulirudia hadi mara 10. Kufikia ya saba aliacha kuniambia nitazame.

Daktari aliuita ugonjwa huo akalasia: mlango wa chini wa umio kushindwa kulegea. Alinichorea neva ya vagasi ikishuka kutoka shina la ubongo hadi kwenye ukuta wa umio, ambako huukabidhi ujumbe kwa neva ndogo zilizojificha kati ya tabaka za misuli. Hizo ndizo hutoa nitriki oksidi, gesi ile ile ambayo kazi yake katika mishipa ya damu iliwapatia Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Ikiingia katika chembe za misuli, kalsiamu hupungua ndani yake na misuli hulegea. Neva zangu za kulegeza zilikuwa zimekufa, kwa sababu ambayo mara nyingi haijulikani. Kumbe kulegea nako ni kazi inayohitaji kuagizwa, na mimi niliyeambiwa "tulia" kwa miezi yote ile sikuwa na mjumbe wa kuifikisha amri hiyo. Sikumbuki kama nilifarijika au niliudhika.

Neva hizo hazirudi. Misuli ikakatwa, upasuaji ambao Ernst Heller aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1913, na mlango uliogoma kufunguka sasa haufungi sawasawa, hivyo hulala nimeinua kichwa ili asidi isipande. Chakula hushuka. Hakuna wimbi linalokisukuma. Hushuka kwa uzito wake tu.

Nilimweleza mwanangu habari za wimbi linaloweza kupandisha maji hata mtu akipinduka, na za mlango unaofunguka kabla ya mgeni kufika. Alisikiliza hadi mwisho, akajaza glasi upya, akaninyooshea mrija.

"Sasa wewe, Baba."

Nikamwambia kwamba mimi hunywa nikiwa nimesimama.